Muulizamno

Msiniambie ninyamaze. Eti mtu akishazeeka asemwe vizuri, hasa akiwa mgeni, hasa akiwa msomi. Mimi nami nimezeeka na sijasikia anayenisema vizuri, kwa hiyo adabu hiyo tuiweke pembeni. Leo namsema Bwana Majani mpaka mate yanikauke.

Jina lake la kwao nalijua. Silitaji. Kuna majina yeye aliyaacha bila kuyataja, na la kwake nami naliacha, mtaona sababu. Huku kwetu mlimani, juu ya Moshono, watu wote walimwita Bwana Majani, kama vile mnavyosema Bwana Shamba, yule wa serikali anayekuja kukagua migomba, au Bwana Nyuki. Huyu kazi yake ilikuwa majani. Anayachuma, anayabana katikati ya magazeti, anayakausha, anayaandikia vitabu. Kwa majani tulijuana, na kwa majani tumegombana.

Jina hilo liliwahi kumtia matatani. Waliletwa polisi wapya, hawamjui mtu, wakasikia watu wanasema nyumba ile kuna mzungu ana majani makavu yamejaa kabati nzima, yamefungwa kwenye magazeti. Wewe ungekuwa polisi ungewaza chai? Wakaja wanne na gari. Wakafungua makabati, wakanusa kila gazeti mpaka wakapiga chafya. Mkubwa wao, mtu wa tumbo, sauti inatokea humo tumboni: "Mzee! Bangi umeficha wapi?" Bwana Majani naye uso ukamng'aa kama ameulizwa habari za mwanawe. "Bangi? Ninayo moja tu, ya zamani, imeharibika kidogo na mdudu. Lakini maua yake ya kike ni mazuri mno! Karibuni, karibuni niwaonyeshe!" Wakambeba. Jioni akarudi kwa miguu, anacheka. Nikamuuliza, wamekupiga? Akasema hapana, mama, lakini pale kituoni kuna nyasi ya aina ambayo sijawahi kuiona upande huu wa mlima.

Ndivyo alivyokuwa. Mrefu kama ngazi. Suruali kaifunga chini kwa kamba ya katani, siafu wasiingie. Shingoni kioo chake cha kukuzia vitu kinaning'inia kama kengele ya mbuzi. Mtu mzima na mvi zake anapiga magoti katikati ya njia mbele ya jani moja dogo, makalio juu, wanawake wenye mizigo wanamzunguka kama jiwe. Mwanzoni wengine walidhani ni dini yake.

Na Kiswahili chake! Alikisoma kitabuni huko kwao kabla hajaja, na hicho kitabu nadhani kiliandikwa na mtu asiyewahi kupanda huku juu. "Je, mama, mmea huu waitwaje?" Waitwaje! Sisi tunasema hii inaitwaje, basi, mambo yameisha. Na kila mtu yeye alimpa shikamoo, maana kitabu kilimwambia shikamoo ni heshima, na yeye hakutaka kumnyima mtu heshima. Nilimwona kwa macho yangu akimwamkia mtoto wa darasa la pili. Mtoto akasimama, akamtazama juu mpaka chini, akaitikia "Marahaba," akaendelea na safari yake ya shule.

Kwao wapi? Hilo niliwahi kumuuliza, mara moja. Alikuwa na ramani ya zamani ukutani, imekunjika, imeliwa na mende. Akaweka kidole. "Hapa. Lakini haipo tena, mama. Waliifuta." Nikamwambia nchi inafutwaje, kwani ni ubao? "Kama ubao kabisa. Jina likaondoka, yakaja mengine." Akasema alipotoka kwao ilikuwepo, na alipotaka kurudi hakukuwa na pa kurudi, pasipoti yake imeandikwa mahali pasipokuwepo. Siku hiyo hakuuliza jina la mti wowote. Alikunywa chai yangu ikapoa, akaniomba nyingine, nayo ikapoa.

Hilo mliweke moyoni. Mtu aliyefutiwa nchi.

Aliyemfundisha majani alikuwa mama yangu. Wasiwadanganye. Mama alitoka upande wa Machame, akaolewa huku Meru, akaja na miche yake ya masale mgongoni na mdomo wake. Shule hakuona hata ukuta wake. Lakini ungemfumba macho ukampitisha kando ya mfereji, angekwambia kwa kunusa tu tumefika wapi, hapa pana dawa ya tumbo, hapa pana ile ya kuloweshea ngozi, hapa kondoo asile. Bwana Majani alikuja nyumbani akiwa na barua ya ofisi fulani, yenye mhuri. Mama akaishika kichwa chini, akairudisha. Akasema kwa lugha yetu, mwambie huyu aache karatasi, achukue jembe, anifuate. Nami nikatafsiri. Nilianza kutafsiri siku hiyo, na mama alipokufa nikawa nataja mwenyewe.

Miaka mingi hiyo. Masika na vuli, yeye na daftari lake na penseli, maana alisema wino unalia ukinyeshewa. Kila mmea anaandika jina la Kilatini, halafu chini yake jina la wenyeji. Jina la wenyeji ni mimi na mama yangu. Alikuwa na msemo wake. Ngoja niuseme kwa sauti yake, ile ya kutokea puani: "Mama, mmea usio na jina, siku ukikatwa hakuna wa kuulilia." Alipenda kusema hivyo. Alisema hivyo mbele ya wageni, alisema hivyo redioni. Mmeusikia? Nauweka hapo nao.

Wema alikuwa nao, siwezi kumnyima. Alikuwa anaandika magazetini kila wiki, habari za mimea, kwa Kiswahili, watu wa kawaida wasome. Na kabla hajapeleka alikuja kunisomea mimi. Mimi nimekaa nachambua maharage, yeye anasoma. Nikipiga miayo, anachukua penseli, anafuta pale pale. "Hapa umepiga miayo, mama, hapa pabaya." Nikicheka anaweka alama. Kuna siku nilipiga miayo kwa sababu ya usingizi tu, mtoto alikuwa mgonjwa usiku kucha, akafuta habari nzima ya mti wa mringaringa. Nikamwacha. Ilikuwa ndefu mno hata hivyo.

Na ukaidi alikuwa nao. Mtu akikata tawi, anamfokea mpaka mishipa inamtoka. "Unaua! Unaua!" Mwenyewe anapita na mkasi wake akikata kila kitu apeleke kwenye magazeti yake. Nikamuuliza, wewe je? "Mimi nakata ili uishi." Basi hata muuza mkaa wa Sakina angesema hivyo hivyo, nikamwambia, naye anakata ili aishi. Hakucheka. Vitu vyake havikuchekwa. Ya wengine anacheka mpaka machozi, ya kwake anakunja uso.

Sasa niwape habari ya isale, maana bila hiyo hamtaelewa mwisho.

Kuna ndugu wawili hapa jirani, mkubwa na mdogo. Baba yao aliwaachia mpaka wa masale. Kwa sisi wenye asili ya huku, isale siyo ua la kupamba. Majani yake marefu ya kijani ukiyaona yamepangwa mstari, hiyo ndiyo hati ya shamba. Ukiyaona kwenye kaburi, mwenyewe yupo hapo. Bwana Majani akapita asubuhi, akaona shina zuri limenyooka, akaling'oa na mizizi yake, akalitia mfukoni, huyo, anapiga mluzi. Mdogo kuamka anakuta shimo. "Umehamisha mpaka!" Mkubwa: "Nani kahamisha? Wewe ndiye unatafuta sababu tangu msiba!" Mapanga nje. Wake zao wanapiga yowe. Na mpaka wenyewe uko mezani kwa Bwana Majani, unapimwa mizizi kwa rula.

Mama yangu ndiye aliyemfuata. Hakumgombeza. Alikata jani moja la isale, akalifunga fundo, akampa. Akasema, nami natafsiri: "Peleka kwa wote wawili. Mikono miwili. Maneno usiseme mengi, kwa sababu maneno yako ni mabaya." Akauliza, wakikataa? Mama akamtazama kama mtoto. "Isale halikataliwi. Ukiletewa isale na ukakataa, kosa linahama, linakaa kwako."

Akaenda. Wale ndugu waliona lile jani mikononi mwa mzungu, lina fundo lake, wakashusha mapanga kama mvua imewanyeshea. Alirudi mweupe kuliko kawaida. "Mama, hii ni mahakama! Jani moja!" Aliandika habari yake gazetini, ndefu, na mimi sikupiga miayo hata mara moja.

Haya. Sasa kosa. La kwangu kwanza, maana mimi siyo mwongo.

Ilikuwa masika. Manyunyu tangu asubuhi, nina kikohozi, nyumbani nimeacha maharage motoni. Naye hatua mbili anasimama. "Mama, na huu?" Nataja. "Na huu?" Nataja. "Na huu, majani yake yana nywele, ni huo huo au ni mwingine?" Kanga imelowa, imenishika miguu. Tukafika kando ya mfereji, pana kigugu fulani cha ovyo, hata mbuzi anakiruka. Mama yangu hakuwahi kukipa jina, maana hakina kazi. Bwana Majani akapiga magoti kwenye tope. "Mama! Na huu?"

Nikamwambia, "Huu? Huu ni muulizamno."

Mnaokijua Kiswahili mmeshacheka. Lakini yeye chake kilikuwa cha kitabuni, na kitabuni m ya mti na m ya mtu zinafanana. Tena mimea yetu kweli ina majina ya namna hiyo. Si kuna kifauongo, kile ukikigusa kinajifanya kimekufa? Akafurahi, akaandika. "Muulizamno! Jina zuri sana! Kwa nini unaitwa hivyo?" Nikasema, "Kwa sababu hauchoki." Nalo akaliandika.

Nilidhani litaishia kwenye daftari. Likaenda kitabuni. Na kitabuni akaongeza maneno yake ya kisomi: huenda jina hili limetokana na waganga kuutumia mmea huu kuiuliza mizimu. Mizimu! Mjukuu wangu wa kike alikuwa shule ya msingi wakati huo, siku moja anarudi, "Bibi, leo tumesoma muulizamno." Nilicheka mpaka nikajifunga kanga tumboni. Baadaye kicheko kikaisha, nikaogopa. Utani ukifika shuleni si utani tena. Haki ya Mungu nilitaka kumwambia. Lakini kila nikimwona anapita na kitabu chake kwapani, anafurahi, nasema kesho. Na kusema ukweli, nilikuwa nafurahia pia. Mimi nisiyejua kushika kalamu, nimeandikwa.

Aliyemfungua macho ni daktari mmoja wa mimea, kijana wetu wa hapa hapa nchini, msomi, tai shingoni. Kulikuwa na mkutano mjini, Bwana Majani anazungumza mbele ya watu. Yule kijana akanyoosha mkono, sauti laini kama ya mchumba: "Samahani mzee wangu, ukurasa fulani hapa. Huyu muulizamno, nadhani siyo mmea. Nadhani ni wewe." Ukumbi mzima ukaanguka kwa kicheko. Walioniambia wanasema watu walipiga meza.

Kesho yake akaja kwangu. Hakuvaa kioo chake shingoni. Amesimama mlangoni, kofia mkononi. "Mama. Muulizamno ni mimi?"

Nami nikacheka. Mnielewe, nilidhani naye atacheka. Nilidhani tumefika mahali pa kucheka pamoja, miaka yote ile. Nikasema, "Ndiyo, ni wewe, kwani kuna mwingine?" Akavaa kofia, akatoka. Hakusema kwaheri. Hakurudi. Muda si mrefu akahama, akaenda Njiro kule mjini, kwenye nyumba ya ukuta mrefu na geti la chuma, uani kote zege. Bwana Majani kwenye zege!

Nikasema hasira zitamwisha. Nikamwekea ndizi. Zikaoza.

Halafu kikaja kitabu kipya. Kile kile cha zamani, kimechapwa upya, kinene, picha za rangi. Mjukuu wangu sasa ni mwalimu, anafundisha shule moja ya Sakina, ndiye aliyekileta. Nikamwambia nisomee majina aliyoyataja bibi yako mkubwa, mama yangu. Akafungua.

"Jina la wenyeji: halijulikani."

Nikasema huo labda ni ule wa ovyo, soma mwingine.

"Halijulikani."

Ule wa tumbo je? Ule mama alionitibu nao mimi nikiwa mchanga?

"Halijulikani, bibi."

"Fungua mbele!"

"Bibi, yote yameandikwa hivyo. Mwanzoni amesema majina ya wenyeji yameondolewa kwa sababu chanzo hakiaminiki."

Chanzo! Niliishi miaka hiyo yote sijui kuwa mimi ni chanzo. Chanzo kimemsubiri kwenye mvua. Chanzo kimemtoa miiba miguuni kwa sindano. Jina moja la utani, moja tu, nililisema nikiwa nimelowa, na yeye akafuta yote ya kweli. Hakuja kuniuliza, mama, nitajie yapi ya kweli. Muulizamno huyo huyo, siku aliyotakiwa kuuliza hakuuliza! Na mama yangu alimtania lini? Mama yangu hakuwa na utani kwenye majani. Yeye ambaye nchi yake ilifutwa kama ubao, akachukua dasta akamfuta mama yangu. Yeye wa "mmea usio na jina hakuna wa kuulilia"!

Nilikwenda Njiro. Nilibeba furushi la majani mabichi, kila aina aliyoandika halijulikani, niliyoweza kuchuma. Nikagonga geti. Mlinzi akafungua kidirisha, anachungulia kwa jicho moja. "Bibi, shikamoo." Marahaba, mwite mzee wako. Akaenda, akarudi. "Bibi, mzee anasema hayupo."

"Anasema hayupo?"

"Ndiyo bibi. Ameniambia mwenyewe."

Nikakaa pale chini. Nikatoa jani moja moja, nalitaja kwa sauti, kwa lugha ya mama, nalirusha juu ya ukuta. Majirani wenye magari wanapunguza mwendo. Mlinzi ananiomba, "Bibi, kelele, nitafukuzwa kazi." Nikamwambia hizi siyo kelele, hili ni somo, sikiliza na wewe. Nilitaja yote. Baadhi yalinitoka kichwani nikayatafuta, nikayapata. Nilipomaliza nikakung'uta kanga nikaondoka. Najua alisikia. Pazia la juu lilicheza.

Tangu hapo, kimya. Na mimi nikaapa. Nikasema hata aje kwa magoti, simsamehe. Watu wa kanisani wakaja, mzee wa kanisa na sauti yake ya maziwa, "Mama, tusamehe saba mara sabini." Nikamwambia saba mara sabini ni za watu wanaoomba. Huyu ameomba lini?

Mwaka huu, masika yalipokatika, gari likasimama barabarani pale chini. Nipo uani namenya ndizi. Naona dereva anashuka, mtu mzima, anazunguka, anafungua mlango wa nyuma, anamtoa mtu kama anavyotoa kabati: taratibu, upande huu kwanza, halafu upande ule. Ni yeye. Ngazi imepinda. Macho yamekuwa kama maji ya kuoshea mchele, hayaoni. Mkono mmoja umejikunja kifuani, alipigwa na ugonjwa ule wa kupooza. Njia ile ile aliyokuwa anaruka kama mbuzi, anapapasa kwa fimbo.

Nikasema moyoni, simsaidii hata hatua moja. Na sikumsaidia.

"Hodi," akasema.

Sikuitikia. Dereva ndiye aliyesema, "Bibi, shikamoo. Nimemleta mzee."

"Marahaba. Nimemwona. Siyo mimi niliyepofuka."

Yule mzee akageuza uso upande wa sauti yangu. "Mama," anasema, na maneno yanatoka kwa shida, upande mmoja wa mdomo haufanyi kazi. "Nimekuja kwa kosa. Nilifuta. Nilikuwa na hasira, na aibu. Sasa nataka kuyarudisha majina, kabla sijafa. Lakini madaftari niliyachoma. Na kichwani nimebaki na Kilatini tu. Ya mama yako yote yametoka." Akapumua. "Wewe tu unayo."

Madaftari aliyachoma! Nilisimama na kisu cha ndizi mkononi, nikakiweka chini kwa sababu ya Mungu. Nilikuwa na maneno yote tayari, nimeyapika miaka. Nikafungua mdomo nimwage, naye akaingiza mkono ule mzima ndani ya koti, akatoa jani refu, la kijani, limefungwa fundo. Akalishikiza na ule mkono wa ganzi, ili iwe mikono miwili. Akalinyoosha kwangu. Hakusema neno lingine.

Isale.

Mtanielewa hali niliyokuwa nayo. Nimenyang'anywa hasira zangu uani kwangu mwenyewe. Isale halikataliwi. Nikamsogelea, nikalishika, na nilitaka kulia kwa ghadhabu.

Likanirudia mkononi. Yaani unalikunja, linajinyoosha lenyewe, taa! Nikalinusa: harufu ya ndala mpya. Nikageuza, chini yake kuna karatasi ya dukani imebandikwa.

Plastiki.

Nikamtazama dereva. Akatazama chini. "Bibi, mzee aliniambia nimtafutie isale nilifunge fundo. Mimi mtu wa Tanga, isale siijui. Nikauliza kwenye duka la mapambo mjini, wakaniambia ndiyo hii, na haifi." Anasema hivyo kwa fahari kidogo. "Haihitaji hata maji."

Mwe! Bwana Majani. Mtu aliyenusa dunia nzima, aliyekuwa akitafuna kila jani kabla ya kuliandika, ananiletea jani la kiwandani, na hajui. Pua haisikii, macho hayaoni, hata vidole vya mkono ule mzima ni ganzi. Amesimama hapo ameinyoosha shingo, anasubiri hukumu.

Basi nimepona. Hilo siyo isale, halinifungi. Naweza kulitupa kwenye majivu, nimwambie chanzo chako hakiaminiki, ondoka. Maneno yalikuwa hapa, kwenye ulimi. Kisa jani moja la uongo, na ya kwake yote nayafuta: magazeti aliyonisomea, miayo yangu aliyoiheshimu, siku aliyobeba jeneza la mama bega lake likiwa juu kuliko ya wenzake mpaka jeneza likainama. Nafuta yote. Nani angenilaumu? Yeye ndiye aliyenifundisha.

Akageuza sikio upande wangu. "Mama? Ni isale, sivyo? Umenyamaza. Hili ni nini?"

Nikamwambia, "Hili ni muulizamno."

Mdomo ule upande unaofanya kazi ukaanza kutetemeka, nikadhani anaanguka, dereva naye akamshika. Kumbe anacheka. Ni kile kicheko nilichokisubiri mlangoni siku ile ya kofia. Anacheka na machozi yanamtoka kwenye macho yasiyoona, na mimi nimekasirika vibaya sana, maana nami nacheka.

"Nyamaza," nikamwambia. "Nani kakwambia ucheke? Bado sijamaliza na wewe."

Nikachukua panga. Dereva akarudi nyuma hatua mbili, mtu wa Tanga. Nikaenda nyuma ya nyumba kwenye kaburi la mama, masale yake yamenizidi kimo siku hizi, nikakata jani moja. Nikalifunga fundo. Nikarudi nikambandika kwenye ule mkono wa ganzi, nikamkunja vidole kimoja kimoja vilishike, maana vyenyewe havijui.

"Hili ndilo. Sasa rudi barabarani, uje upya, upige hodi kama mtu."

"Mama," anasema, "unanikatia wewe mwenyewe isale la kukuomba…"

"Umeanza kuuliza!"

Dereva akamgeuza taratibu, wakashuka na fimbo yao mpaka pale kwenye gari. Mimi nikavuta kigoda, nikakaa, nikaendelea kumenya ndizi. Lile la plastiki nikalichomeka ukutani, kuku walitazame.

"Hodi!"

Sikuitikia. Nikamenya ndizi nyingine.

"Hodi!"

Nikamwacha. Mlangoni pa watu hodi ni tatu, baada ya hapo mtu anaondoka, na mama yangu alisubiri zaidi ya hapo humo kitabuni, ameandikwa halijulikani. Nikamsikia anahema.

"Hodi, mama."

"Karibu," nikasema. "Na huyo wa Tanga aje na kalamu."